Karatu, Mji Ulio Mlangoni pa Ngorongoro

Mara kwa mara tunasoma habari za miji mikuu ya nchi za mbali, jinsi ilivyojengwa, biashara yake, makanisa yake, na mambo yanayowavuta wageni kwenda kuitazama. Iko hata miji mikuu ya Marekani ya Kati iliyojengwa chini ya milima ya moto, na watu wake hulima kahawa katika udongo uliotokana na majivu ya milima hiyo. Siku moja niliwasomea wanafunzi wangu habari hizo, na mtoto mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, hata sisi tunakaa chini ya mlima wa moto, na baba yangu analima kahawa." Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nikawauliza, "Haya, nani awezaye kunieleza habari za Karatu?" Wakanyamaza wote. Hatimaye mmoja akajibu, "Karatu ni mahali wazungu wanapopita." Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ni kweli kwamba Karatu si mji mkuu wa nchi. Ni makao makuu ya wilaya tu, katika Mkoa wa Arusha. Mtu atokaye Arusha mjini hufuata barabara ya magharibi hata Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, na hapo gari huanza kupanda ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Akitazama nyuma huliona Ziwa Manyara chini yake likimeta kama bati jipya. Akiisha kupanda hufika nchi nyingine kabisa: udongo mwekundu, baridi ya asubuhi, na mashamba ya ngano na mahindi yenye kupanda na kushuka kama mawimbi. Apita Rhotia, kisha ndiyo Karatu. Mbele yake husimama mlima Oldeani, ambao kimo chake chapita meta 3,000, na jina lake kwa Kimasai ni mlima wa mianzi. Barabara ikiendelea huingia msituni penye lango la Hifadhi, na juu ya kilele cha msitu huo nchi hukatika ghafula. Hapo ndipo Ngorongoro.

Aliye kijijini asiyepata kuliona bonde hilo na alifikirie hivi. Zamani sana, yapata miaka milioni mbili hata mitatu iliyopita, palikuwa na mlima wa moto, na wataalamu wa mawe wadhani kwamba kimo chake kilikaribia kile cha Kilimanjaro. Moto na mawe yaliyoyeyuka yalipotoka tumboni mwake, tumbo likabaki tupu, na kilele chote kikaanguka ndani, kama paa la nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Kilichobaki ni kasoko ya duara, ambayo upana wake wapata kilometa 19, na kingo zake zashuka meta 600 hata kufika chini. Sakafu yake ni kilometa za mraba 260 hivi. Humo mna ziwa la magadi, vijito vya maji matamu, msitu wa Lerai wenye migunga ya manjano, na wanyama wakubwa wapatao 25,000: nyumbu, punda milia, nyati, tembo, simba, na vifaru weusi. Twiga hawamo, watu husema ni kwa sababu kingo ni kali mno kwa miguu yao mirefu, na pia majani ya miti wayapendayo ni haba humo.

Tena, upande wa magharibi wa bonde hilo uko ufa mkavu uitwao Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini unaoota pale. Wageni walilisikia vibaya jina hilo wakaliandika Olduvai. Mwaka 1911 Mjerumani mmoja, Profesa Wilhelm Kattwinkel, alipita pale akaokota mifupa iliyogeuka mawe, na mwaka 1913 akaja Hans Reck kuchimba. Baada yao akaja Louis Leakey mwaka 1931, naye pamoja na mkewe Mary walirudi pale mwaka baada ya mwaka, katika jua na vumbi, kwa muda wa miaka karibu thelathini kabla ya kupata walilolitafuta. Tarehe 17 Julai 1959 mumewe alikuwa amelala hemani na homa, na Mary alikuwa akitembea peke yake na mbwa wake. Akaona meno yakitokeza katika udongo. Ilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi yapata miaka milioni moja na robo tatu iliyopita. Mwaka 1978, mahali paitwapo Laetoli, watu wa Mary Leakey walifukua nyayo katika majivu ya mlima wa moto yaliyogeuka jiwe, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni tatu na nusu na zaidi iliyopita. Wengine hufadhaika wakisikia hesabu za miaka mingi hivi. Mimi nilipoonyeshwa mfano wa nyayo zile, nilichoona ni kisigino na vidole, kama nyayo za mtu aliyepita shambani kwangu baada ya mvua.

Basi tuje katika habari za watu ambao majina yao twayajua. Karibu na kingo na katika sakafu ya bonde yako makaburi ya mawe ya wafugaji wa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Walikuwa na ng'ombe, na vyombo vya mawe, na shanga. Hawa walikuja kabla ya Wamasai na kabla ya Wadatoga. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa katika mabishano ya nchi hii kila kabila husema, "Sisi ndio wa kwanza," na mawe yale yapo pale yamenyamaza.

Wadatoga, ambao wengi huwaita Wamang'ati, ndio waliolichunga bonde la Ngorongoro kabla ya Wamasai. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wamasai walitoka kaskazini wakapigana nao, wakawashinda, na Wadatoga wakasukumwa kusini, hata pande za Eyasi na mlima Hanang. Hata hivyo hawakupasahau. Katika bonde lipo kaburi la mkubwa wao mmoja, penye mitini ya zamani, na wazee wao waliendelea kupaheshimu hata walipokuwa wakikaa mbali. Mtu anaweza kuhamishwa katika nchi yake, lakini kaburi la babu yake haliwezi kufungwa katika mzigo.

Wairaqw, ambao majirani huwaita Wambulu, wana habari nyingine. Lugha yao haifanani na lugha za Kibantu wala na Kimasai. Ndugu zake wa karibu ni Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, na ukoo wake mkubwa uko Ethiopia na nchi za Pembe ya Afrika. Wazee husimulia kwamba zamani walikaa mahali paitwapo Ma'angwatay, upande wa kusini, wakapata vita na Wadatoga, wakakimbia hata kuingia katika milima ya Kainam, karibu na Mbulu. Pale walibanana kwa muda mrefu, na kubanana kule kuliwafundisha kulima vizuri. Walipanda mazao mbalimbali katika shamba moja, wakazuia maji yasichukue udongo, wakatumia samadi ya ng'ombe, hata mtelemko mkali wakaugeuza shamba.

Nao walijenga nyumba za namna ya peke yake. Walichimba katika ubavu wa kilima, wakaweka nguzo na paa bapa, wakalifunika kwa udongo na majani, hata mtu akipita juu yake asijue kwamba chini yake wamelala watu na ng'ombe wao. Babu mmoja kijijini kwetu alinieleza jinsi mama yake alivyomziba kinywa utotoni kila aliposikia kengele za ng'ombe usiku, asije akalia na kuwaonyesha maadui mlango. Nilimwuliza kama maadui walikuja kweli. Akasema hawakuja hata mara moja katika uhai wake, walakini mama yake hakuacha kumziba kinywa. Nyumba za namna hiyo sasa ni chache sana, nazo hutunzwa ili wageni wazione.

Mwisho wa karne ya 19 ulileta msiba ambao haukuchagua kabila. Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliingia, ikaua ng'ombe karibu wote wa nchi za wafugaji. Nyuma ya sotoka ikaja ndui, na nyuma ya ndui njaa. Wamasai huuita wakati ule Emutai, yaani kumalizika. Katika mwezi wa Machi 1892, katikati ya msiba huo, akaja Oscar Baumann, mtu wa Austria, akiongoza msafara mkubwa uliotumwa kutoka Ujerumani. Huyu ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameliona bonde la Ngorongoro. Aliandika juu ya uzuri wake na wingi wa wanyama, lakini aliandika pia juu ya watu aliowakuta humo: wanawake waliobaki mifupa, mashujaa wasioweza kutambaa, na watoto wenye macho makubwa, wakizunguka kambi yake wakingoja makombo. Wageni wengi hulijua jina la Baumann kwa habari ya uzuri tu. Mimi nadhani ukurasa wake wa pili ndio ulio na faida zaidi kwetu, maana bila kuujua hatuwezi kuelewa yaliyofuata. Wazungu walipokuja kugawa mashamba waliona nyika tupu, wakafikiri haina mwenyewe. Haikuwa tupu kwa asili. Ilikuwa imetoka katika tauni.

Wadachi walipoitawala nchi, ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walipata mashamba ndani ya bonde lenyewe, wakajenga nyumba, wakafuga ng'ombe. Walijaribu kuwafukuza nyumbu watoke bondeni, ili majani yabaki kwa ng'ombe, lakini nyumbu hawakukubali kupanda kingo. Vita ya mwaka 1914 ilipoanza mambo yao yakaharibika, na mabaki ya nyumba ya shamba yangali yakionekana mpaka leo. Baada ya vita Waingereza wakaitwaa serikali, na mwaka 1928 wakakataza kuwinda ndani ya kingo za bonde, isipokuwa katika yale mashamba ya zamani.

Sasa tazameni upande wa Karatu. Uwanda huu ulikuwa malisho ya Wamasai, na pembeni mwake palikuwa na mapori yenye mbung'o. Wamasai walipodhoofika, na vita vya makabila vilipokoma, Wairaqw walianza kutoka katika milima yao iliyowabana. Walishuka na kupanda, familia moja baada ya nyingine, wakifuata ndugu aliyetangulia, hata kufika Karatu, Mbulumbulu, Rhotia na Endabash. Haikuwa safari ya siku moja. Ilichukua miaka zaidi ya hamsini. Serikali ya Waingereza iliwahimiza wafyeke mapori ili mbung'o wakose kivuli, na malale yapungue, kisha ikawapa ruhusa ya kukaa katika nchi waliyoifyeka. Katika miaka ya mwisho ya 1940 ukaja mpango wa maendeleo ya Mbulu, ambao uliwataka watu pia kupunguza ng'ombe ili udongo usiharibike, na jambo hilo lilileta manung'uniko mengi. Wazee wa Karatu wangali wakikumbuka panga na shoka za siku zile. Husema kwamba nchi hii hawakupewa, bali waliinunua kwa mikono.

Wakati huo huo, katika mitelemko ya Oldeani, walikuja walowezi wa Kizungu, wengi wao Wajerumani waliorudi baada ya mwaka 1925. Walipanda kahawa, kwa kuwa udongo wa majivu na baridi ya mlima hufaa sana. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani hao wakakamatwa na mashamba yao yakashikwa na serikali, kisha yakapewa wengine. Waliobaki wale wale ni wafanyakazi, watu wa makabila mengi waliotoka mbali kuchuma kahawa, na wengi wao hawakurudi kwao. Ndiyo maana mtu akisimama sokoni Karatu leo husikia Kiiraqw, Kidatoga, Kimasai, Kichaga, Kinyiramba na Kinyaturu katika nusu saa, na Kiswahili kikiwaunganisha wote.

Ngano nayo ina habari yake. Wakulima wa Kiiraqw waliona mashamba ya Wazungu yakilimwa kwa matrekta, na katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi yao walikuwa wakikodi matrekta au kununua yao wenyewe, jambo lililokuwa nadra katika nchi hii kwa wakulima Waafrika. Liliwatajirisha wachache, na wengine wakabaki na mashamba madogo. Sisemi hili kuwalaumu. Nasema tu kwamba tofauti ya mwenye trekta na mwenye jembe haikuanza na watalii.

Nimefika sasa katika jambo linalobishaniwa zaidi, nami nitajaribu kulieleza kwa haki. Mwaka 1872 Marekani ilitenga Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa, na kutoka huko likaenea wazo kwamba wanyama wa porini wahitaji nchi isiyo na watu. Wazo hilo likafika kwetu. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa, Ngorongoro ilikuwa ndani yake, na Wamasai pamoja na mifugo yao walikuwamo pia. Mabishano yakawa makali. Mwaka 1958 wazee kumi na wawili wa Kimasai walitia alama zao katika hati, wakakubali kutoka Serengeti kwa ahadi ya kukaa Ngorongoro. Mwaka 1959 nchi ikagawanywa: Serengeti ikawa ya wanyama peke yao, na Ngorongoro, yapata kilometa za mraba 8,300, ikawa hifadhi ya namna mpya, ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini wangekaa pamoja chini ya mamlaka moja. Jaribio la namna hiyo lilikuwa nadra duniani.

Mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 1959, kijana Mjerumani Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege pamoja na baba yake, alianguka na ndege yake akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa bonde. Baba yake, Bernhard, aliyefanya dunia nzima ijue jina la Serengeti, alikufa mwaka 1987 akazikwa papo hapo kando ya mwanawe.

Katika miaka ya kwanza ya hifadhi mambo yalikwenda kwa upole. Henry Fosbrooke, Mwingereza aliyejua sana habari za Wamasai, alikuwa mkuu wake, na baada yake, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, akashika Solomon ole Saibull, Mwafrika wa kwanza katika kazi hiyo. Hata wanyama walikuwa na mikasa yao: mwaka 1962 mvua nyingi zilileta inzi wanaouma, wakawashambulia simba wa bondeni hata wakabaki wachache kabisa, yapata kumi na kidogo. Vifaru walikuwa zaidi ya mia moja katika miaka ya 1960. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe hata katika miaka ya 1990 hawakufika ishirini. Sasa wameongezeka tena kwa kulindwa mchana na usiku. Wala si Wamasai waliowamaliza vifaru wale. Pembe zilikwenda ng'ambo, kwa watu wenye fedha.

Lakini ahadi ya kukaa pamoja ilianza kupungua kidogo kidogo. Mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakikaa chini ndani ya bonde waliondolewa. Mwaka uliofuata kulima kukakatazwa katika hifadhi yote. Mwaka 1992 kukaruhusiwa tena, kwa bustani ndogo, kwa sababu watu walikuwa na njaa. Na mwaka 2009 kukakatazwa tena. Bonde likawa urithi wa dunia mwaka 1979 kwa ajili ya wanyama na maumbile, na mwaka 2010 kwa ajili ya habari za binadamu pia. Watu wenyewe nao waliongezeka. Waliokuwa yapata 8,000 mwaka 1959 walikuwa yapata laki moja miaka sitini baadaye, na ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Serikali ikasema nchi haiwatoshi, na kuanzia mwaka 2022 ikaanza kuwahamishia Msomera, katika Wilaya ya Handeni, wale waliojiandikisha, ikiwajengea nyumba na kuwapa mashamba. Wengine walikwenda kwa hiari na wanasema wamepata nafuu. Wengine walikataa, wakasema shule na zahanati zao zimenyimwa fedha ili wachoke. Mwezi wa Agosti 2024 wengi sana walikusanyika kandokando ya barabara ya watalii kudai huduma na haki ya kupiga kura nyumbani kwao. Desemba ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wazee wa Kimasai mjini Arusha, akaahidi tume za kuchunguza habari ya nchi na ya kuhama.

Wasomaji wajua habari ya wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu, jinsi nchi ilivyokuwa haiwatoshi wote wawili. Lakini pale Abramu alimpa Lutu nafasi ya kuchagua kwanza. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Naamini ya kwamba bonde lapaswa kulindwa, na kwamba watu laki moja hawawezi wote kuishi kwa ng'ombe katika nchi ile ile. Naamini pia ya kwamba hati ya mwaka 1958 ilikuwa ahadi, na aliyehamishwa mara moja kwa ahadi ana haki ya kuulizwa vizuri kabla ya kuhamishwa mara ya pili.

Sisi wa Karatu hatuwezi kusema jambo hilo halituhusu. Msitu wa juu wa Ngorongoro hunywesha nchi yetu. Mvua hunaswa na miti ile, hupenya ardhini, na kutokea chini katika chemchemi. Chemchemi za Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ndizo zinazomwagilia mashamba ya vitunguu maji, ambavyo huuzwa hata Nairobi. Mtu akishuka kutoka baridi ya Karatu mpaka Mang'ola huona joto na vumbi jeupe, kisha ghafula majani mabichi ya vitunguu hata macho yachoke. Huko huko Eyasi wanakaa Wahadzabe, ambao hawazidi sana elfu moja. Baadhi yao wangali wakiwinda kwa upinde na kuchimba mizizi, na vichwa vya mishale yao hupata kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao hufua misumari ya chuma cha zamani. Watalii hupenda kwenda nao mawindoni alfajiri. Nasikitika kusema kwamba wengine wetu huwacheka Wahadzabe, lakini kila shamba la vitunguu likiongezeka, pori lao hupungua, na hilo si la kuchekesha.

Mji wenyewe wa Karatu ulikua polepole. Ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hata miaka ya 1990, wilaya ilipogawanywa. Na Mkoa wa Manyara ulipokatwa mwaka 2002, Mbulu ilikwenda huko, na Karatu ikabaki Arusha. Hapo kale kutoka Makuyuni kuja huku ilikuwa safari ya mashimo na tope, na gari liliweza kulala njiani siku mbili. Mwanzoni mwa karne hii lami ikafika hata langoni mwa Hifadhi, kwa msaada wa Japani, na mji ukabadilika sura. Nyumba za wageni zikasimama pande zote mbili za barabara. Mwaka 2012 wilaya ilihesabiwa watu zaidi ya 230,000. Wageni wa Ngorongoro walipita laki tano kwa mwaka kabla ya maradhi ya Korona, na wengi wao hulala Karatu au hula chakula cha mchana hapa. Vijana wetu ni madereva, wapishi, wapagazi na wafuaji wa nguo za kitanda. Lakini mwaka 2020 ndege zilipokoma, mji ulinyamaza kama nyumba yenye msiba, na waliokuwa wameacha jembe walilitafuta tena.

Hata jembe halina usalama wake. Wakulima wa Karatu hupanda mbaazi kati ya mahindi, na wanunuzi wakubwa wa mbaazi wako Uhindi. Mwaka 2017 serikali ya Uhindi iliweka mpaka wa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje, ili wakulima wake wapate bei. Mbaazi zetu zikakosa mnunuzi, bei ikaanguka vibaya sana, na wengine wakaona heri ziozee shambani kuliko kulipa wavunaji. Wazazi kadhaa walikuja kwangu mwaka ule kuomba nafasi ya kuchelewesha michango ya shule. Niliwaeleza watoto kwa ramani mahali Delhi ilipo, wakashangaa kwamba mtu asiyepata kuiona Karatu aweza kwa neno moja kuipunguza sahani yao.

Na yako masumbuko ya usiku. Tembo hutoka msituni wakati mahindi yanapokomaa, wakaingia katika mashamba yaliyo mpakani mwa Hifadhi, na katika usiku mmoja hula chakula cha mwaka mzima. Watu hulala shambani na madebe na mienge ya moto. Mgeni aliyelipa dola nyingi kumwona tembo mchana hajui kwamba tembo yule yule usiku alikuwa shambani kwa mjane.

Siku ya mnada, Wamasai hushuka kutoka Ngorongoro tangu alfajiri, wakileta mbuzi na ng'ombe. Huuza upande mmoja wa uwanja, kisha huenda upande wa pili kununua mahindi ya Wairaqw, kwa maana huko juu hawaruhusiwi kulima. Mwaka jana nilisimama pale na wanafunzi wangu, wakiandika bei katika madaftari yao. Mzee mmoja wa Kimasai alipima gunia kwa mkono wake, akabishana kwa Kiiraqw safi na mama aliyekuwa akiuza, wakacheka wote wawili, wakakubaliana. Kisha akawaomba watoto wangu wamsaidie kulipandisha gunia juu ya punda.